Jinsi ya Kupima Kama Mgonjwa Anayelishwa kwa Mpira Anapata Chakula cha Kutosha

Kosa ninalolikuta mara nyingi wodini ni kuhesabu chakula kilichoagizwa badala ya kile kilichopita kwenye mpira, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni. Mwongozo huu unahusu mgonjwa mtu mzima, na kazi yenyewe hufanywa asubuhi, wauguzi wanapokabidhiana zamu na chati ya saa 24 inapofungwa.

Kwanza, weka lengo. Mpime mgonjwa uzito. Ikiwa amevimba, waulize ndugu zake alikuwa na kilo ngapi kabla ya kuugua, kwa kuwa kila lita 1 ya maji yaliyojaa mwilini huongeza kilo 1 ambayo si nyama wala mafuta. Kwa kila kilo kadiria kilokalori 25 na protini gramu 1.3, kwa hiyo mgonjwa wa kilo 60 atahitaji kilokalori 1,500 na protini gramu 78 kwa siku. Aliyekaa siku nyingi bila kula huanzishwa kwa kiasi kidogo huku madini ya damu, yaani fosfeti, potasiamu na magnesiamu, yakifuatiliwa, na lengo lake la siku hizo liandikwe hivyo hivyo dogo.

Pili, jumlisha kilichoingia, na hapa usiwe na haraka. Hesabu mililita za kila mlo bila kuchanganya maji ya kusuuzia mpira, na palipo na alama ya vema isiyo na kiasi, mtafute muuguzi wa zamu kabla hajaondoka. Tuseme mgonjwa wetu ameagiziwa maziwa maalumu yenye kilokalori 1 kwa mililita na protini gramu 40 kwa lita, mililita 250 mara sita. Milo miwili ilirukwa akisubiri upasuaji, mmoja ukaishia mililita 100 mpira ulipoziba, na mitatu ikaingia yote: jumla mililita 850. Gawanya kwa lengo, kisha zidisha kwa 100, nawe utapata asilimia 57 ya nishati, na protini gramu 34, yaani asilimia 44 tu. Ona pia kwamba hata milo yote sita ingeingia, protini isingefika asilimia 80 ya lengo, kiwango cha chini tunachokitaka kwa siku.

Uji wa nyumbani una mtego wake, maana ndugu huongeza maji ili upite, na kikombe kilekile kikabaki na nguvu nusu. Hesabu unga, maziwa, mafuta na sukari vilivyotumika, kisha gawanya kwa ujazo wa sufuria nzima baada ya kuchujwa.

Tatu, kila siku iliyo chini ya asilimia 80 iandikiwe sababu yake. Masalio ya tumboni, yaani chakula kinachovutwa kwa mpira kikiwa bado tumboni, yasiyofika mililita 500, bila kutapika wala tumbo kujaa, hayatoshi kuwa sababu ya kusimamisha chakula.

Mwisho, tazama mwili. Albumini, protini ya damu inayopimwa maabara, usiitegemee, kwani hushuka kwa maambukizi hata mgonjwa akilishwa vizuri. Uzito upimwe kila wiki kwa mizani ileile, na mzunguko wa mkono upimwe katikati ya bega na kiwiko. Mimi huchora kistari kwa kalamu pale nilipopima, ili mwenzangu wa wiki ijayo aweke utepe palepale.