Simu ya mezani isiyo na waya: chaja, betri na radi

Kabla ya kuchomeka chochote, geuza adapta usome maandishi yake madogo. Umeme wa Uganda ni volti 240, hezi 50. Penye INPUT (umeme unaoingia) pakiandikwa 100–240V, endelea. Pakiandikwa 120V tu, hiyo ni ya soko la Marekani: ukiichomeka moja kwa moja utasikia harufu ya plastiki inayoungua, na adapta imekwisha.

Ukitafuta nyingine dukani, linganisha OUTPUT (umeme unaotoka) ya zote mbili. Volti ziwe zilezile. Miliampia ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Angalia pia kama ni AC (mkondo geu) au DC (mkondo mnyoofu), na kama ni DC, mchoro wa duara uonyeshe chanya upande uleule. Pini kuingia vizuri si ushahidi kwamba adapta inafaa. Simu nyingi zimeharibiwa hivyo.

Plagi ya pini mbili za mviringo isilazimishwe kwenye soketi ya matundu matatu kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la juu. Inakaa kwa kulegea, inatoa cheche, na inakosa fyuzi ambayo plagi ya pini tatu huwa nayo ndani. Nunua kigeuza plagi chenye fyuzi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye betri. Ndani ya kipokezi, yaani sehemu unayoshika mkononi, mara nyingi kuna betri mbili ndogo za AAA za aina ya NiMH, kila moja volti 1.2, zinazochajika. Zikichoka, watu huweka za kawaida za tochi au rimoti, kwa kuwa umbo ni moja na simu inawaka. Lakini kitako, yaani sehemu ya mezani unapokiweka kipokezi, hakijui tofauti: kinaendelea kuzichaji. Gesi hujaa ndani, betri huvimba, huvuja au hupasuka. Ule unga mweupe unaouona kwenye springi ni alkali, unachoma ngozi na kula chuma. Vaa glavu, toa betri, futa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha kwa kitambaa chenye unyevu, acha ikauke kabisa.

Soma kwenye betri mpya neno «rechargeable» na NiMH. Badilisha zote mbili pamoja, usichanganye nzee na mpya. Mara ya kwanza kiache kipokezi kwenye kitako saa 14 hadi 16. Kuwa vuguvugu ni kawaida. Kikiwa cha moto hadi huwezi kukishika, chomoa adapta ukutani kwanza, ndipo utoe betri. Kitako kisifunikwe na kitambaa cha kufuma, hata kikipendeza vipi.

Simu ikigoma kuchaji, aghalabu ni vile vibati viwili vya kitako vimeshika vumbi. Chomoa, visugue kwa kifutio cha penseli.

Ukanda wa Ziwa Viktoria una radi nyingi. Wingu likianza kutanda, chomoa adapta na waya wa laini ya simu pia. Waya wa laini ndio unaosahaulika, na mshtuko wa radi hupitia humo vilevile. Radi ikishaanza kupiga, usiguse waya hizo tena.

Umeme ukikatika, kitako hakifanyi kazi na huwezi kupiga 999 wala 112 kwa simu hiyo hata betri zikiwa zimejaa. Hapo weka simu ya mkononi yenye chaji karibu.