Jinsi ya Kujenga Daraja: Kushinda kwa Ngome na Askari Mmoja

Katika mashindano ya sataranji ya ngazi ya klabu, wachezaji hukariri ufunguzi kwa bidii, lakini pointi nyingi hupotea mwishoni, pale kila upande unapobaki na ngome moja na mwenye askari wa ziada asijue namna ya kumfikisha mwisho wa ubao awe malkia.

Panga ubao hivi (herufi a hadi h ni safu za wima, namba 1 hadi 8 ni mistari ya mlalo): Mweupe ana mfalme g8, askari g7 na ngome f1, Mweusi ana mfalme e7 na ngome h2. Zamu ni ya Mweupe. Askari amebakiza mraba mmoja tu awe malkia, ila mfalme wake mwenyewe ameuziba mraba huo na hana pa kutokea, kwa kuwa ngome nyeusi inalinda safu ya h na mfalme mweusi analinda f7 na f8. Mkao huu umepewa jina la Mhispania Lucena, ingawa kitabu chake cha 1497 hakiuonyeshi. Unaonekana katika kitabu cha Mwitaliano Salvio cha 1634.

Hatua ya kwanza: mtishie mfalme mweusi kwa ngome e1. Akienda f6, mfalme wako anatoka kwenda f8 na askari hazuiliki tena. Tuseme anakwenda d7.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha somo, na ndiyo ambayo wenye haraka huiruka. Mfalme wako akitoka kwenda f7 sasa hivi, atatishiwa kutoka f2, kisha g2, wala hatapata kivuli popote isipokuwa kurudi g8. Kwa hiyo tangulia kupeleka ngome e4, hata kama mwendo huo unaonekana hauna kazi.

Hatua ya tatu: Mweusi akisubiri kwa ngome h1, toka uende f7. Atakutishia kutoka f1, nenda g6. Atakutishia kutoka g1; nenda f6. Atarudi f1, shuka g5. Atakapokutishia tena kutoka g1, weka ngome yako g4. Hilo ndilo daraja: mfalme amekingwa, na hata ngome zikibadilishana, mfalme mweusi yuko mbali mno kumzuia askari.

Njia hii hufaa kwa safu ya b hadi g. Askari akiwa safu ya a au h, mfalme hubanwa ukingoni, na mahesabu ni mengine kabisa.

Mpe mwenzako upande mweusi, mweke saa dakika mbili kila mmoja, kisha rudieni na askari akiwa c7 na d7, mkibadilishana pande.