Namna ya Kuzungumzia Maadili Kazini Kabla Mambo Hayajaharibika

Katika ofisi nyingi neno maadili husikika siku mtumishi mpya anapotia sahihi ahadi ya uadilifu, kisha halisikiki tena hadi siku mtumishi wa zamani anapokabidhiwa hati ya mashtaka ya nidhamu. Katikati hupita miaka ya maamuzi madogo ambayo kila mtu huyafanya peke yake, akikisia wenzake wanafanyaje. Mwongozo huu unamlenga mkuu wa kitengo, mhasibu, mganga mfawidhi au mwalimu mkuu anayetaka maamuzi hayo yazungumzwe yakiwa bado ni maswali.

Anza na jambo linalotokana na kazi yenu wenyewe. Ukiuliza kama rushwa ni mbaya, wote watasema ndiyo na kikao kitakuwa kimekwisha. Uliza badala yake: mtumishi amelipwa posho ya safari ya siku tano, kazi imekamilika siku ya tatu, afanye nini, na je, jibu linabadilika ikiwa katika siku hizo tatu alifanya kazi hadi usiku wa manane? Au: ndugu wa mgonjwa aliyepona amerudi wodini na kuku wawili kumshukuru muuguzi, na muuguzi anajua kwamba akikataa atamvunjia heshima mzee aliyetembea kutwa nzima. Swali linalofaa ni lile ambalo mtu mwaminifu anaweza kusita kulijibu, kwa sababu kusita huko ndiko kunakofungua midomo.

Kikwazo kikubwa ni cheo, na hapa ndipo penye kazi zaidi. Mahali ambapo mdogo humwamkia mkubwa shikamoo kabla ya neno lolote, maoni ya mkuu yakitangulia huwa ni hukumu. Wengine wataitikia kwa adabu na kuyamalizia mazungumzo yao kantini. Kwa hiyo mkuu aweke swali mezani, awape nafasi kwanza watumishi wenye vyeo vya chini, naye aseme mwisho. Zaidi ya hayo, alete swali linalomhusu yeye. Anaweza kusema: “Shemeji yangu ni miongoni mwa walioomba zabuni yetu. Nimeshatangaza mgongano wa maslahi na nimejitoa kwenye tathmini. Akishinda, inafaa mimi niidhinishe malipo yake?” Dereva akiona kwamba bosi naye anaulizwa na anajibu bila kukasirika, ndipo atakapothubutu kuuliza habari ya mafuta ya gari.

Ni lazima pia mkubaliane tangu mwanzo kwamba kikao hiki si baraza la mashtaka. Asitajwe mfanyakazi mwenzenu kwa jina wala kwa dalili zinazomtambulisha, maana mazungumzo yakigeuka kuwa ya kuchongeana hakuna atakayerudi mara ya pili. Mwenye kushuku uhalifu aelekezwe njia yake: nchini Tanzania ipo TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, na ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Waeleze watumishi wako njia hizo waziwazi, na usimwahidi yeyote usiri ambao huna uwezo wa kuutunza.

Linaloamua yote ni yatakayompata aliyesema. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, alitoa mwaka 1993 nyaraka zilizofichua malipo ya kashfa ya Goldenberg, ambamo fedha za umma zililipwa kwa mauzo ya nje ya dhahabu ambayo hayakuwepo. Alikamatwa, akafukuzwa kazi, na alifariki mwaka 2006 akiwa maskini. Wafanyakazi wa Afrika Mashariki hawahitaji kusimuliwa kisa hicho ili wawe na hofu, kwani kila ofisi ina kisa chake kidogo cha mtu aliyehamishwa baada ya kuuliza. Kwa sababu hiyo, mtumishi akishasema jambo zito, mshukuru mbele ya wenzake, mpe jibu kwa siku uliyomwahidi hata kama jibu ni kwamba bado unafuatilia, kisha kwa miezi kadhaa kagua mwenyewe mambo yanayomgusa: ratiba ya zamu, likizo, orodha ya safari, tathmini ya utendaji. Akiachwa nje ya safari mara mbili mfululizo, wenzake watakuwa wameshahitimisha, na maneno yako mazuri hayatabadilisha chochote.

Kuhusu utaratibu, dakika 20 ndani ya kikao cha kila mwezi zinatosha, kwa swali moja tu. Andikeni mlichoafikiana bila majina. Jambo linalozidi mamlaka ya kitengo, kwa mfano kiwango cha posho kisicholingana na gharama halisi za malazi, lipelekwe kwenye baraza la wafanyakazi, na mkuu arudi kikao kinachofuata na majibu yake.