Somo: Mapango ya Unguja, nenda nayo kwa kufuata maji

Mgeni wa Jambiani au Paje, vijiji vya pwani ya mashariki, akiamka siku za bamvua, yaani maji yanapopwa na kujaa sana, akakuta bahari imekwenda zake hadi mwambani, hununa. Hakuna cha kununia. Maji yakitoka ndiyo saa ya pango, yakijaa rudi pwani. Somo zima limesimama hapo.

Hatua ya 1: Angalia mwezi kabla ya kulipia chumba. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Tofauti ya kupwa na kujaa hufika kama mita 4. Siku hizo maji hukauka asubuhi kwenye saa nne au saa tano, yakajaa alasiri. Kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki mambo yamegeuka: ni maji mafu, yaani kupwa na kujaa hakutofautiani sana, na asubuhi bahari iko juu. Hapo oga kwanza, pango baadaye. Kama huna hesabu ya mwezi, muulize yeyote anayelima mwani.

Hatua ya 2: Usafiri. Daladala ya 309 inatoka mjini hadi Jambiani. Mapango hayapo barabarani, yapo ndani maweni, kwa hiyo kutoka kituoni utatembea au utachukua bodaboda. Vaa viatu vya kufunga. Jiwe la matumbawe linakata, na kandambili zitakuaibisha.

Hatua ya 3: Ndani ya pango. Kwa anayeanza napendekeza pango la Kuza, Jambiani. Unashuka ngazi, joto la juu linakatika ghafla, na chini kuna maji baridi, maangavu kiasi kwamba ukitupia macho huoni yanapoanzia mpaka mtu ayatikise. Ni maji ya mvua. Yakipita kwenye udongo hubeba hewa ya ukaa, yakawa na ukali kidogo, yakala jiwe la chokaa polepole. Yakidondoka darini huacha chembe ya chokaa, na ndiyo hiyo mishumaa ya mawe inayoning'inia. Usiishike: mafuta ya mkono yanaizuia kuendelea kukua.

Kabla ya kuingia majini, osha mafuta ya kujikinga na jua. Maji haya hayana wimbi la kuyasafisha. Ukikuta ubani, kitambaa au vyungu pembeni, hapo ni mzimuni, mahali pa matambiko: usiguse, usipige picha bila kuuliza, na ongea kwa sauti ya chini.

Hatua ya 4: Pango la Kuumbi, kwa wanaopenda historia. Lipo huko huko upande wa Jambiani. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta humo zana za mawe na mifupa ya wanyama, wakiwemo punda milia. Binadamu walilitumia tangu kama miaka 20,000 iliyopita, zama ambazo bahari ilikuwa chini na Unguja imeungana na bara. Usiende peke yako, chukua mwenyeji. Bila mtu wa kukueleza utaona giza tu na popo.

Hatua ya 5: Njiani. Msitu wa Jozani upo kwenye njia hiyo hiyo, una kima punju, wale wekundu wa Unguja, na njia ya mbao katikati ya mikoko. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania si sawa na cha mgeni wa nje. Kisiwa cha Changuu na kobe wake wakubwa kiweke siku nyingine: boti zinaondokea mjini, upande mwingine kabisa wa kisiwa.

MASWALI

Swali: Ahsante kaka kwa somo. Mimi sijui kuogelea, nitafaidi nini Kuza?
Jibu: Utafaidi. Kaa ukingoni, tia miguu. Ila usishuke majini kwa kudanganywa na uangavu, maji yakiwa safi hivyo kina hakionekani.

Swali: Nilipelekwa Mangapwani, nikaoneshwa chumba cha mawe chini ya ardhi. Ndilo pango lenyewe?
Jibu: Hapana, dada. Mangapwani kuna sehemu mbili, watu huzichanganya. Pango la asili lina maji baridi ndani yake. Ulichooneshwa kimejengwa na watu: ni mahali pa kuficha watumwa, baada ya Sultan Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa 1873 wa kufunga biashara ya watumwa, nayo ikaendelea kwa siri. Tembelea zote mbili, lakini hicho chumba si mahali pa kupiga picha za kucheka.

Swali: Nije na bibi yangu, magoti yanamsumbua. Shikamoo yake utaipokea?
Jibu: Mimi ndiye wa kumwamkia, mfikishie shikamoo yangu! Ngazi za mapangoni zina unyevu na zinateleza, asishuke. Mpeleke Jozani kwenye kima, mara nyingi huwa karibu na barabara. Asubuhi mapema au alasiri, mchana wa jua kali hujificha kivulini.