Kupanda daraja hadi hachibaki ya Ulaya iliyotumika: anza na injini, nembo baadaye

Ukitoka kwenye kigari kidogo kisicho na turbo ukaingia kwenye hachibaki (gari fupi lenye mlango mkubwa nyuma) kama Golf, Audi A3 au BMW 1 Series, tofauti unaiona kabla hata ya kuwasha. Mlango unajifunga kwa mshindo mzito, kiti kinashika mgongo, na ukifika kilomita 120 kwa saa gari bado limetulia. Raha hiyo ni ya kweli. Shida ni kwamba ndani ya jina moja la gari kuna injini za tabia tofauti kabisa: Golf mbili zimeegeshwa sambamba, rangi moja, kilomita sawa, moja inadai oili na plagi tu, nyingine cheni inayoendesha valvu za injini inakaribia kuruka meno. Kwa hiyo tafuta kwanza injini na giaboksi nzuri, kisha ndipo uulize zimo ndani ya gari gani.

Msimbo wa injini hauhitaji kubahatisha. Magari ya kundi la Volkswagen (VW, Audi, Skoda, Seat) yana karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye shimo la tairi la akiba na kwenye kitabu cha huduma, ikionyesha msimbo wa injini, wa giaboksi na wa rangi. Kwa BMW, tarakimu 7 za mwisho za namba ya chesisi zinatosha kupata taarifa za gari lilivyotoka kiwandani. Mwombe muuzaji picha ya vitu hivyo kabla hujafunga safari. Asiyetaka kutuma, mwache.

Injini za kuangalia kwa makini

Kwenye kundi la VW, mstari wa kugawa uko kati ya familia mbili. EA111 za 1.2 na 1.4 TSI (petroli yenye turbo), zilizofungwa kwenye Golf ya kizazi cha 5 na cha 6 na ndugu zao wa miaka hiyo, zinatumia cheni ya taimingi. Cheni inarefuka kwa muda, na kikaza cheni kinachotegemea shinikizo la oili kinalegea gari likilala. Asubuhi, kabla oili haijapanda, cheni inapiga kifuniko chake. Ikiruka meno, valvu zinakutana na pistoni na injini imekwisha. Toleo la 1.4 lenye turbo na supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe) kwa pamoja lina ugonjwa wa ziada: kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika, kompresheni inashuka, oili inaungua. Hilo silipendekezi kwa mtu anayenunua gari la kutumia kila siku, hata likiuzwa rahisi. Golf ya 7, iliyoanza mwishoni mwa 2012, ilileta EA211 yenye mkanda badala ya cheni. Ni injini tulivu zaidi, na kwa anayepanda daraja mara ya kwanza, 1.4 TSI ya familia hiyo ndiyo ningeitafuta kabla ya nyingine zote.

GTI, Golf yenye nguvu zaidi, ni mjadala wake. Golf 5 GTI nyingi zina 2.0 yenye mkanda, lakini pampu ya petroli ya shinikizo kubwa inasukumwa na kamu (mhimili unaofungua valvu) kupitia kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kinalika. Kukikagua ni kufungua bolti 3 za pampu: uso ukiwa bado mweusi, ni salama, katikati pakiwa pamechubuka hadi chuma cheupe, badilisha siku hiyo hiyo, maana kikitoboka kinakula kamu. Golf 6 GTI ilihamia kwenye injini ya EA888 yenye cheni, na kikaza cheni cha matoleo ya awali ndicho kiliharibu injini nyingi. Uliza risiti inayoonyesha kimebadilishwa kwa kile kilichoboreshwa.

Kwa BMW 118d na 120d za kuanzia 2007 hadi karibu 2011, jihadhari na dizeli ya N47. Cheni yake imewekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi, hivyo kuibadilisha ni kushusha kitu kizito na bili inafuata uzito huo. Sikiliza mkwaruzo unaotoka nyuma ya injini, karibu na kabati, si mbele. Petroli ya 1.6 ya turbo iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa BMW na Peugeot-Citroën, ambayo utaikuta kwenye Mini Cooper S ya kuanzia mwishoni mwa 2006 hadi karibu 2013 na kwenye Peugeot 207 na 308 za THP, nayo inakula oili na kulegeza cheni katika matoleo ya mwanzo. BMW 1 Series ya kuanzia 2015 yenye injini za B38 au B48 ni mnunuo mzuri zaidi kuliko ya zamani yenye nguvu nyingi.

Ford 1.0 EcoBoost ya mwanzo na Peugeot-Citroën 1.2 PureTech zina mkanda unaozunguka ndani ya oili. Wazo lilikuwa kupunguza msuguano. Kinachotokea ni kwamba oili isiyo sahihi, au iliyochanganyika na petroli kwa safari fupi fupi, inaulainisha mkanda hadi unameguka vipande. Vipande vinashuka kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili. Hapo taa ya oili inawaka na injini inakosa mafuta ya kulainisha. Kwenye PureTech fungua kifuniko cha kujazia oili uangaze kwa tochi: mkanda unaonekana. Ukiwa na nyufa, nyuzi zilizochomoza au umevimba kwa upana, usilinunue gari bila kupunguziwa gharama ya mkanda na ya kusafisha sampu. Usiruhusu mkanda huo upite kilomita 100,000 au miaka 6. Ford 1.0 inataka oili ya 5W-20 yenye kiwango WSS-M2C948-B. Hapa oili ya bei rahisi inakuja kuwa ghali sana.

Anayetaka maisha mepesi kabisa aangalie Focus ya kizazi cha 2 yenye 2.0 ya petroli bila turbo. Si gari la kujivunia nambari za nguvu, lakini cheni yake haina sifa mbaya na fundi yeyote mwenye akili anaielewa.

Giaboksi

Giaboksi ya mkono inasamehe mengi: mradi klachi haitelezi na gia ya 2 haikwaruzi, songa mbele. Otomatiki ndiko pesa zinakopotelea.

DSG (otomatiki ya VW yenye klachi mbili) ya gia 7 iliyo kwenye injini ndogo, inayoitwa DQ200, ina klachi mbili kavu. Klachi kavu hazipendi foleni. Kila unapojongea mita mbili, zinateleza, zinapata joto, zinachakaa. Upande mwingine, kifaa cha mekatroniki kinachobadilisha gia kinapoteza shinikizo. Ukiona misimbo P17BF au P189C kwenye skana (kifaa cha kusoma hitilafu za gari), hesabu bei ya mekatroniki ndani ya bei ya gari. DSG ya gia 6, DQ250, klachi zake zinaoga oili na ni imara zaidi, ila oili na chujio lake lazima vibadilishwe kila kilomita 60,000. Pasipo risiti ya kazi hiyo, chukulia haikufanyika. PowerShift, otomatiki ya Ford, ya Focus ya petroli ya kizazi cha 3 nayo ni kavu na inatetemeka; mimi ningeikwepa kabisa. Peugeot na Renault za miaka ya 2000 zenye otomatiki ya gia 4 zina valvu za umeme zinazochoka na kuifanya gia igongegonge.

Zilizo nzuri zipo. BMW 1 Series za otomatiki za 2011 hadi 2019 zina giaboksi ya ZF (kampuni ya Ujerumani) ya gia 8, laini na yenye kudumu, na ZF wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, hata muuzaji akikwambia ni oili ya maisha.

Siku ya kuliona gari

Fika asubuhi, na sharti liwe moja: lisiwashwe kabla yako. Gusa boneti. Likiwa la vuguvugu, ahirisha. Chomoa kijiti cha oili, angalia kiwango na rangi. Oili iliyoongezwa dakika iliyopita hadi juu ya alama kwenye injini kongwe inakuambia gari linaila. Kampuni nyingi huhesabu hadi nusu lita kwa kilomita 1,000 kuwa kawaida, lakini kwa gari unalonunua hiyo ni nyingi mno.

Sasa washa ukiwa umesimama mbele ya boneti, mwenzako akiwa ndani. Sekunde 3 za kwanza ndizo zenye habari. Mgongano kama mnyororo wa baiskeli ndani ya kopo la bati, hata kwa sekunde 1, ni cheni. Injini ikitetemeka na kumisi kwa dakika moja kisha ikatulia, mara nyingi ni masizi kwenye valvu za kuingiza hewa: injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja kwenye silinda hazioshi valvu hizo, hivyo masizi huganda. Yanasafishwa kwa kupulizia unga wa maganda ya jozi, kazi ya siku moja, si sababu ya kukimbia ila ni sababu ya kushusha bei. Moshi wa bluu ukikanyaga mafuta baada ya gari kuunguruma dakika 5 ni oili kupitia kwenye turbo au ringi. Moshi mweupe usioisha wenye harufu tamu ni maji ya rejeta ndani ya silinda.

Tembeza angalau dakika 30, hadi giaboksi ipate moto. DSG hukaguliwa polepole: ondoka taratibu, rudi nyuma kwenye mlima, tambaa kama uko kwenye foleni. Mtetemo kati ya mizunguko 1,000 na 1,500 ni klachi. Herufi za gia zikimweka kwenye dashibodi, maliza jaribio hapo. Pita kwenye matuta ukiwa umefungua dirisha. Uchakavu wa bushi za mikono ya chini hujulikana kwa sauti ya tok tok, na bushi si ugonjwa mkubwa.

Kisha chomeka skana, na hapa watu wengi hudanganyika. Kutokuwepo kwa msimbo si ushahidi wa afya, maana muuzaji anaweza kuwa amefuta dakika kumi zilizopita. Angalia kilomita zilizotembewa tangu misimbo ifutwe, na hali ya vipimo vya ndani vya mfumo wa moshi: vingi vikiwa havijakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni. Skana ya kawaida huona injini tu. Tumia inayosoma kompyuta zote za chapa hiyo. Kwenye VW, hitilafu zilizohifadhiwa huandikwa pamoja na kilomita za wakati huo. Hitilafu iliyoandikwa kwenye kilomita 180,000 ndani ya gari linaloonyesha 95,000 imeshajibu swali la odomita.

Bodi huchukua muda mfupi. Kipima unene wa rangi kinapoonyesha maikroni 80 hadi 160 kila mahali, rangi ni ya kiwandani. Zaidi ya 300 huenda kuna pati chini. Bonyeza zulia la sakafu kwa kiganja: likiwa na unyevu kwenye gari lenye paa la kioo, mifereji ya maji imeziba, na kompyuta zinazokaa chini ya zulia hufa kwa maji hayo. Tafuta ukoko wa waridi karibu na themostati na pampu ya maji. VW hutumia nyumba ya plastiki hapo na huvuja. Tairi zenye tarakimu 2319 zilitengenezwa wiki ya 23 ya 2019. Funguo ziwe 2.

Pesa ya baada ya kununua

Tenga asilimia 15 hadi 20 ya bei ya gari kwa miezi mitatu ya mwanzo. Ikiwa huna, shuka daraja moja la gari badala ya kuiruka huduma hii. Badilisha oili na chujio kwa kiwango kilichoandikwa kitabuni (VW 502 00 au 504 00, BMW LL-01 au LL-04), si kwa namba ya unene peke yake. Weka plagi mpya, maji ya breki kama yamezidi miaka 2, oili ya giaboksi, na mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji kama hakuna risiti. Punguza pia nafasi kati ya oili na oili: kilomita 30,000 zilizoandikwa kwa ajili ya barabara kuu ni nyingi kwa turbo inayoishi mjini, fanya 10,000. Na betri ikifa kwenye gari linalojizima kwenye taa, nunua ya aina ile ile iliyokuwemo, mara nyingi AGM (betri inayohimili kuzimwa na kuwashwa mara kwa mara), na kwa BMW mwambie fundi aisajili kwenye kompyuta, la sivyo gari litaendelea kuichaji kama ile ya zamani hadi nayo ife mapema.