Kilo mbili za siku nne si mafuta

Ukiacha wanga ghafla, mzani ukashuka kilo mbili ndani ya siku nne, usishangilie mapema. Sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji. Mwili huweka akiba ya sukari kwa umbo la glikojeni, takriban gramu 100 kwenye ini na 400 hivi kwenye misuli, na kila gramu hushika maji yapatayo gramu 3. Akiba ikitumika, maji nayo yanatoka. Ndiyo maana siku za mwanzo safari za msalani haziishi. Ukila wanga tena, uzito unarudi upesi, na wengi hukata tamaa hapo, bure kabisa. Pima kiuno, na linganisha uzito wiki kwa wiki.

Anayetumia insulini, dawa ya kushusha sukari kwenye damu, asijaribu kuacha wanga bila daktari kurekebisha dozi. Kati ya milo, ini ndilo hasa linalotoa sukari kwenye damu. Misuli, pamoja na akiba yake kubwa, haina kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini) cha kuiachia sukari hiyo iingie kwenye damu. Akiba ya ini ikiwa ndogo, sukari inaweza kushuka vibaya, hasa usiku, na pombe huzidisha hatari hiyo.