Kubadilisha tairodi endi za Land Cruiser 75 iliyogeuzwa gari la kulala

Land Cruiser 75 ikishafungwa kitanda, jiko, hema la paa na tangi la maji la lita 80, viungo vya steringi, hasa tairodi endi (vifundo vinavyozunguka kwenye ncha za fimbo za steringi), haviponi kwenye barabara za vumbi zenye mawimbi. Usukani unaanza kulegea, gari linatangatanga, na wengi hukimbilia kununua shokapu ya steringi, ile ya kupunguza mtikisiko wa usukani. Shokapu huficha mtetemo tu. Kilicholegea kinabaki vilevile.

Kwa hiyo tafuta ubovu kabla ya kununua chochote. Gari likanyage ardhi, weka kabari nyuma, washa injini. Mwenzako autikise usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, nawe ushike kila kiungo kwa vidole, mkono ukiwa mbali na matairi. Kiungo kizima husogea pamoja na chuma chake. Kibovu utasikia kinagonga ndani, chuma kimoja kikitangulia na kingine kikifuata.

Kisha zima injini, inua mbele kwa jeki, ekseli ikae juu ya stendi. Tikisa tairi kwa kushika kushoto na kulia: ikicheza, mara nyingi ni tairodi endi. Shika juu na chini: ikicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingpini, yaani zile ambazo gurudumu hukatia kona juu yake. Usiruke kipimo hiki, maana bila hicho utabadilisha kitu ambacho si kibovu.

Zipo tairodi endi nne: mbili kwenye tairodi inayounganisha magurudumu, mbili kwenye draglinki, fimbo inayotoka steringi boksi kwenda kwenye gurudumu. Kila fimbo ina uzi wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande mwingine, kwa hiyo taja upande unaponunua. Nunua za Kijapani halisi. Chapa ya 555 inasifika, ila feki zake ni nyingi, basi nunua kwa muuzaji unayemwamini. Nunua na splitpini mpya, vile vipini vya kuzuia nati isifunguke.

Kabla ya kufungua, pima kutoka katikati ya kiungo kimoja hadi cha pili, uandike. Piga brashi ya waya kwenye nyuzi, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, uache usiku kucha.

Toa splitpini, legeza nati ya pini ya endi lakini usiitoe, ibaki imeshika nyuzi chache. Egemeza nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono wa gurudumu, yaani tundu linaloshika pini ya endi, upige upande wa pili kwa nyundo nyingine. Pigo hilo hulitikisa jicho na pini huachia. Ukipiga ncha ya pini unaharibu uzi. Ukitumia uma wa kupasulia unachana raba ya vumbi.

Legeza klempu inayobana endi kwenye fimbo, zungusha endi kuukuu nje ukihesabu mizunguko, ingiza mpya kwa idadi ileile, halafu linganisha na kipimo ulichoandika. Kaza nati ya pini kwa takriban newtoni mita 90. Tundu la splitpini lisipolingana na mfereji wa nati, kaza mbele kidogo. Usirudishe nyuma kamwe. Kabla ya kukaza klempu, geuza fimbo hadi pini zote mbili zikae katikati ya mchezo wake. La sivyo endi itagonga mwisho wake usukani ukikatwa, na raba itachanika. Mwisho peleka gari alaimenti, magurudumu yapimwe na kunyooshwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, naweza kubadilisha moja tu iliyolegea?
Jibu: Inawezekana, lakini badilisha zote mbili za fimbo hiyo. Zimetembea pamoja, na alaimenti utailipia mara moja.

Swali: Nimemaliza, gari linaenda moja kwa moja ila usukani umekaa upande. Niuchomoe niurudishe sawa?
Jibu: Usiuchomoe, ndugu. Rekebisha urefu wa draglinki. Tairodi hupanga matairi. Draglinki hupanga usukani. Ukihamisha usukani peke yake, steringi boksi haitakuwa katikati gari likienda moja kwa moja.

Swali: Endi zote ni mpya, lakini nikikanyaga shimo kwenye mwendo wa 60 usukani unatetemeka mpaka nisimame.
Jibu: Anza na balansi ya matairi, kisha kingpini. Fungua uangalie grisi ya ndani. Ikiwa nyeusi na nyepesi kama uji, sili ya ekseli imepitisha oili ya difu na beringi zimeoshwa. Badilisha sili na beringi pamoja, halafu panga shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha ukazo wa beringi) kwa mizani ya springi kama kitabu cha gari kinavyotaka. Beringi mpya bila sili mpya zitaoshwa vilevile.